Mafuta ya Nazi Kwenye Mpini wa Bastola

Tabita,

Sikuulizi hali. Hali yako naijua, uko ukuta wa pili tu, nakusikia ukicheka. Nyumba za huku Bordesley Green zimebanana kama meno, mtu akipiga chafya kwake wewe huku kwako wasema pole. Basi nimeketi hapa jikoni, chai imepoa mbele yangu, namsikiliza mjukuu wangu akicheka katika nyumba ya mwanamke mwingine jioni yake ya mwisho. Kesho asubuhi wapanda treni kwenda Skotlandi. Leo wacheka na Edna.

Ulisimama hapo mlangoni ukaniambia, "Nyanya, njoo saa kumi na mbili. Nimebakisha mkono wa mwisho wa mafuta kwenye mpini. Ni wako."

Nami nikakujibu nini? Nikakujibu, "Mkono wangu una sufuria za kuosha."

Ukatazama sufuria. Zote zilikuwa safi, zimening'inia ukutani. Ukaenda zako. Saa kumi na mbili haijafika. Sijui kama nitakuja. Kwa hiyo naandika.

Ya soksi na ya blanketi mama yako ameshakwambia kabla hajaenda zamu yake hospitali, na alivyo muuguzi amekwambia mara tatu. Mimi hayo siyagusi. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa sina kingine, na herufi zangu ni kubwa kama mbuzi waliotoka zizini, maana nilitolewa shule darasa la pili. Wewe nikikuuliza kwa Kiswahili wanijibu kwa Kiingereza, tangu ulipoanza shule hapa. Lakini kusoma wajua, nilikufundisha mwenyewe kwa Biblia ya babu yako, ukafuata kidole changu mstari kwa mstari. Soma polepole. Usimpe mtu akusomee, na Edna usimtafsirie.

Mama yako husema ukali wangu ni uzee. Si uzee. Ni wivu. Nimeliandika neno, nimelitazama, naona limekaa sawa.

Wakumbuka tulivyokuwa. Mama yako alitangulia kuja kusomea uuguzi, akakuacha mgongoni kwangu Kisauni, Mombasa. Alipotuita nikakuleta hadi Birmingham, meno yako ya mbele yameng'oka, umevaa sweta mbili na bado meno yaliyobaki yanagongana. Kwetu mjukuu wa kike ni mke mwenza wa nyanyake, ndio utani wetu. Babu yako alipokuwa hai alikuita mkewe mdogo, nami nikakuita mke mwenzangu. Hata alipokufa hatukuacha. "Mke mwenzangu, amka, kumekucha." "Mke mwenzangu, maziwa yote umeyamaliza, mume wetu atakunywa nini?" Nawe wacheka, mapengo wazi, wajibu, "Mume wetu anywe maji!"

Ulikuwa utani mtamu kwa sababu haukuwa kweli. Sikujua kwamba mke mwenza wa kweli yuko nyumba ya pili, ni Mzungu, na amevaa aproni ya ngozi.

Siku uliyoileta ile bastola mara ya kwanza nilikuwa nakanda unga. Ukaja na kitu kimefungwa gazeti, ukakiweka mezani, ukafungua. Nilipiga ukelele, nasikia hata mwenye duka la samaki pale kona aliuliza kuna nini.

"Toa! Toa hicho kitu mezani pangu!"

"Nyanya, ni ya upepo. Ni ya kulenga karatasi tu, kilabuni."

"Hata iwe ya maji, toa!"

"Haipigi, Nyanya. Imekufa. Ina kutu ndani na nje. Nataka kuifufua."

"Mfufuaji ni Yesu peke yake. Toa."

Ukaniona mshamba. Mtoto, mimi nimetoka nchi ambayo siku za Hali ya Hatari mtu mweusi kukutwa na risasi moja mfukoni ilikuwa kamba shingoni. Niliona watu wakichukuliwa. Nawe waniwekea kitu hicho karibu na unga wangu, eti ni mchezo wa Jumamosi.

Na hapo ndipo alipoingia Edna, kupitia mlango wa nyuma, bila kubisha. Mwanamke mwembamba, mjane, nywele nyeupe, vidole vyeusi kwa mafuta. Ulisimama katikati yetu kama karani wa mahakama, ukitafsiri.

"Anasema usiogope, Nyanya."

"Mwambie siogopi. Mwambie nina hasira."

"Anasema alifanya kazi kwenye karakana za bunduki za mji huu tangu msichana. Kazi yake ilikuwa mbao, kukata ile mistari ya kwenye mpini ili mkono usiteleze. Anasema nina mikono mizuri."

"Mwambie mikono hiyo ni yangu. Ilimruka mama yako ikakufikia wewe."

Ulimwambia kitu kifupi sana. Kiingereza changu ni kidogo, lakini kupima urefu wa maneno naweza.

Tangu hapo Jumamosi zako zikawa zake, kisha jioni zako. Ulirudi na vumbi la mbao nyweleni, katika mistari niliyoisuka mimi. Ulinukia mafuta ya kitani, yale wanayopaka mbao huku. Ulikula kwake maharage ya mkebe juu ya mkate, ukarudi ukasema umeshiba, na sahani yako ya wali na samaki wa nazi nimeifunika. Na alikuita "bab". Bab hivi, bab vile, njoo bab. Nililisikia neno hilo kupitia ukuta kila jioni nikafikiri, ndiyo, amempa jina. Mtu hapewi jina na jirani isipokuwa jirani ana haja naye.

Nilipanda juu nikasimama kwenye dirisha la nyuma, ninakunja nguo ambazo zilikuwa zimekwisha kunjwa. Kutoka hapo kibanda chake cha uani naona vizuri. Taa, na vichwa viwili, cheupe na cheusi, vimeinama juu ya jiliwa, kile chuma cha kubania mbao. Nilikuwa nasikia tupa yako. Nilijua ulipobonyeza sana. Nilijua ulipochoka ukaanza kwenda upande. Nilisema peke yangu pale dirishani, "Legeza kiwiko, mtoto, legeza kiwiko," na Edna kule chini akakugusa kiwiko, ukalegeza. Siku hiyo nilivua miwani nikaenda kulala bila kula.

Ngoja nikuambie nilijuaje. Hujawahi kuniuliza.

Baba yangu alikuwa seremala wa misheni. Madawati ya kanisa, meza za mapadri, vitanda vya watu waliooa vizuri. Kaka yangu Stefano alipewa patasi akiwa mdogo hata hawezi kuishika sawasawa. Mimi nilipewa kumbi la nazi na kibuyu cha mafuta. Kazi yangu ilikuwa kusugua: Stefano akichonga, mimi nasugua mpaka mbao ing'ae. "Mkono wa kike ni wa kung'arisha," baba alisema, na alisema kwa wema, alidhani ananisifu. Siku moja nikaiba patasi nikachonga ua chini ya kigoda, pale pasipoonekana. Ua la mkadi. Nililipenda. Baba alipokigeuza kigoda akauliza, "Nani amekwaruza hapa?" Hakuwa amekasirika. Alidhani ni mkwaruzo tu. Akachukua randa, akalifuta.

Sasa fikiria mimi, mwanamke mzima mwenye mvi, nimesimama dirishani Birmingham, namtazama mwanamke mwenzangu ambaye maisha yake yote alipewa patasi na akalipwa kwayo, anampa mjukuu wangu patasi ile ile. Niliwaonea wivu nyote wawili kwa pamoja, yeye kwa kuwa na wewe, wewe kwa kuwa na tupa. Sikujua nimchukie nani kwanza. Nikamchagua yeye kwa sababu alikuwa si wangu.

Lakini niliiona kazi yako, usidhani sikuiona. Ile kutu uliipigania kwa msasa wiki nyingi, msasa mkali, kisha laini, kisha laini zaidi, mpaka chuma kikaonyesha uso. Kisha ikaingia rangi, samawati iliyoiva hadi kuwa nyeusi, kama shingo ya kunguru akiwa juani. Na mpini ule wa mbao ya walnati, mti wa huku, rangi ya kahawa chungu. Vibao viwili, kimoja huku kimoja huku, na skrubu moja inavishika. Ulikata ukajaribu kiganjani, ukakata ukajaribu, penye kidole gumba pana bonde lake, penye kidole cha mwisho pana kingo yake, mpaka vikakaa mkononi mwako na si mwa mtu mwingine. Hata Edna alipoishika haikumkaa. Hilo lilinifurahisha kuliko linavyostahili.

Tuje sasa kwenye jambo la mafuta ya nazi. Mama yako hulisimulia kwa wenzake wa zamu wakacheka. Acha nilisimulie mwenyewe, kwa kuwa yeye hata hakuwepo.

Ilikuwa ile baridi ya kugandisha mabomba. Kibanda cha Edna kilikuwa kama jokofu, basi ukavileta vile vibao nyumbani, ukaviweka juu ya rafu karibu na jiko. "Nyanya, usiviguse tafadhali. Edna anasema vipumzike kabla ya mafuta." Ukaenda shule. Edna anasema! Jikoni mwangu! Mtu anayekula maharage ya mkebe anasema mbao ipumzike!

Nikachukua kopo langu la mafuta ya nazi. Yule Muhindi wa Coventry Road, aliyekuwa na duka Mombasa kabla ya kuhamia huku, aliniuzia akanionya kabisa: "Mama, huku mafuta ya nazi nalala kama jiwe. Weka karibu na jiko, ndio taamka." Nikacheka. Nikayaweka jikoni, yakaamka, yakawa maji, na harufu ikajaa nyumba, nikawa Kisauni. Nikamimina kiganjani. Nikasugua. Kiganja kwanza, kisha kitambaa, kisha kiganja, kama nilivyosugua madawati ya kanisa zima. Tabita, mbao ilikunywa. Iling'aa kama ngozi ya mtoto baada ya kuoga. Nikaviweka palepale ulipoviacha nikasema, sasa atajua fundi ni nani.

Jioni ulivifunga kitambaani bila kutazama, maana ulikuwa na haraka ya kwenda kwake, ukavuka uani kwenye theluji. Nami juu dirishani, nasubiri. Ukafungua kitambaa chini ya taa. Mafuta yalikuwa yamelala. Kila mstari ule mlioukata pamoja, mstari mwembamba kama uzi, nilikuja kuona baadaye, ulikuwa umejaa mafuta meupe, kama uji uliokaukia kwenye meno ya kitana. Edna akatazama, akacheka. Akasema kwa sauti neno ambalo hata mimi nalijua: siagi. Amevipaka siagi.

Ulirudi unalia. "Nyanya! Haitakauka!"

"Kwetu hukauka."

"Mafuta ya nazi hayakauki, Nyanya! Hata kwenu hayakukauka! Kulikuwa joto tu!"

Miaka yote ile niliamini kwamba nilikuwa namaliza kazi ya baba yangu, kumbe ilikuwa ni jua. Mtoto wa shule amenitoa ufundi wangu wote kwa sentensi moja, akiwa na kamasi puani.

Haikuwa nia mbaya. Lakini sikusema samahani pia, na wewe uliingoja. Nilisema, "Mngeniuliza." Nikazima jiko. Ilibidi ukate vibao vipya tangu mwanzo, majira yote ya baridi, na Edna akasema vya pili ni bora kuliko vya kwanza. Basi ni nani aliyekufanya uvirudie? Hilo hakulisema. Vile vya kwanza ninavyo. Kimoja nakikaza kwenye dirisha la juu, lisigonge upepo ukivuma. Kinafanya kazi nzuri. Tangu siku hiyo mimi na Edna hatukusalimiana. Tulikuwa tunatoa taka kwa zamu.

Karakana za hapa zinafungwa moja baada ya nyingine, kwa hiyo Edna aliandika kwa mtu aliyefanya naye kazi zamani, aliyehamia karakana ya Skotlandi. Ukaenda na bastola yako, wakaigeuza, wakaitazama mistari kwa kioo cha kukuza, wakasema njoo ujifunze kazi. Mama yako alilia kwa furaha ingawa alitaka uwe muuguzi. Mimi niliuliza, "Birmingham miti imekwisha?" Kwa hiyo ndivyo ilivyo. Alikuchukua Jumamosi, akakuchukua jioni, na sasa amekuchukua kabisa na kukutuma mahali ambapo hata yeye hakupati. Hilo lanishangaza. Mimi nisingekutuma. Ningekufungia.

Na Jumapili, baada ya kanisa, wali bado uko sahanini, ukasema mwenye nyumba utakayopanga hataki bastola ndani mwake, hata ya upepo. "Basi nitaiacha kwa Edna. Ana sanduku kavu."

Nikaweka kijiko chini. "Peleka na kitanda chako. Na kiti. Na jina lako, ukimaliza."

"Nyanya, wewe unaichukia!"

"Nani kasema?"

"Wewe! Ulisema itoke mezani! Ulisema tangu siku ya kwanza!"

Mama yako akasema, "Jamani, kuleni." Hatukula. Tangu Jumapili tumekuwa tukipitana kwenye ngazi kama wapangaji, mpaka leo uliposimama mlangoni na habari za mkono wa mwisho.

Ulisema kweli, niliichukia. Lakini mtu aweza kuchukia kitu na bado akataka kilale nyumbani kwake.

Nikuambie la Stefano, kisha ninyamaze. Baba alipokufa Stefano alirithi jiliwa na patasi zote, akawa seremala mkubwa, viti vyake vikanunuliwa hadi Malindi. Alinialika karakana mara nyingi. Alisema, "Damari, njoo uone kiti hiki, wewe ndiye wajua mbao." Sikwenda. Nina mtoto mgonjwa, nina nguo za kufua, nina sufuria. Nilikataa kukalia kiti chake hata nyumbani kwake. Nilikaa mkekani, nikasema mgongo wangu wapenda chini. Watu wote walijua ni kwa nini, na yeye alijua. Hakuacha kunialika. Kisha akafa, tukaenda kuzika, na kwa vile nilikuwa dada wa marehemu wakaniletea kiti nikae. Ningefanya nini, nigombane na kiti matangani? Nikakaa.

Kilikuwa kizuri, Tabita. Mgongo uliegemea mahali pake. Mkono ulipata pa kukaa. Nikapapasa chini yake, kwenye ukingo, kwa mazoea tu, na palikuwa laini, amepasugua hata pasipoonekana. Nikageuka nimwambie. Nani? Nimwambie nani?

Wivu sikufundishi namna ya kuuacha, mimi mwenyewe sijui. Huja wenyewe kama mafua. Utaupata huko. Utakaa na watu ambao baba zao na babu zao walikuwa kwenye kazi hiyo, watakata kwa pumzi moja mstari uliokuchukua wewe asubuhi nzima, na utawachukia. Au watakuonea wivu wewe, msichana, mweusi, mwenye mikono yangu, nao watakupa ufagio badala ya patasi. Ufagio ufagie vizuri. Lakini mtu akikuambia njoo uone, nenda. Hata kama umenuna. Nenda na mnuno wako. Kazi ya mtu haijali uso wako ulivyo, inataka tu itazamwe.

Na wakikufuta ua lako wakasema ni mkwaruzo, chonga jingine mahali wanapoona.

Kicheko chenu kimenyamaza. Nasikiliza. Sisikii kitambaa kikisugua, sisikii kitu. Hamjaanza. Mmekaa tu huko, mnangoja sufuria zangu zioshwe.

Haya. Kalamu naiweka.

*

Nimerudi. Hilo doa kwenye ukurasa ni kidole changu, usililaumu karatasi.

Uliyaona yote, lakini uliyaona kwa macho yako. Nataka uyaone kwa yangu.

Alifungua mlango amevaa sweta ya kanisani, hana aproni. Mezani keki. Nikasema kwa Kiingereza changu chote, "No keki." Yeye akasema, "Come in, bab."

Nikasimama kizingitini. "Bab, mimi?"

Nawe ukacheka mpaka ukashika mlango. "Humwita kila mtu hivyo, Nyanya! Hata muuza maziwa! Hata yule paka!"

Miaka yote hii, Tabita. Nimekosa usingizi kwa neno la paka.

Mkanipa kigoda. Edna akamimina mafuta ya kitani kiganjani mwangu, tone, tone moja tu, kana kwamba ni marashi. Nikamtazama. Akanitazama. Nikasugua. Mafuta haya hayana harufu ya nyumbani, yananuka kama nyasi za mvua. Lakini kiganja hakijasahau. Nilisugua kwa nguvu, kwa namna ya madawati, naye akaweka mkono wake juu ya mkono wangu kunipunguza mwendo. Mkono wa baridi, vidole vimepinda kwa baridi yabisi hata haviwezi kushika kitambaa. Sikuupenda. Nikauacha hapo. Tukasugua hivyo, mkono juu ya mkono, mpaka mbao ikapata joto.

Kisha wakati wa kuifunga. Edna akavuta sanduku lake kavu. Mimi nikatandaza leso yangu ya kujifunga. Nikaishika bastola upande wa mpini, yeye akaishika upande wa mtutu. Hakuna aliyevuta. Hakuna aliyeachia. Wazee wawili, aibu tupu.

Ulitutazama kama vile sisi ndio watoto. Ukachukua bisbisi. Ukafungua ile skrubu, vibao vikatoka, ukaniwekea kwenye leso. Chuma ukakiweka katika sanduku lake. Skrubu ukaitia mfukoni mwako.

"Mbao inataka mafuta kila mwezi," ukaniambia. "Mafuta anayo Edna. Chuma kinataka kupanguswa, na vidole vya Edna haviwezi. Nikirudi Krismasi nitaiunganisha. Nikikuta kutu nitajua hamkutembeleana." Ukamgeukia ukamwambia vilevile kwa Kiingereza, na safari hii urefu wa maneno ulikuwa sawasawa.

Ujanja wako nimeuona. Ndivyo mwanamume mwenye akili anavyogawa nyumba mbili, huyu ampe unga na yule ampe sufuria. Babu yako angejivunia mkewe mdogo.

Basi nenda. Nimekubali kufanya kazi na yule mwanamke, ila sijasema nampenda. Jumatatu ya kwanza nitabisha kwake na kitambaa. Keki yake niliionja mlipoinama kutafuta kifuniko cha sanduku, ina ukavu. Nitampelekea mahamri ajue kinacholiwa na watu.

Edna anadhani amepata kikubwa. Nilimwona alivyolifunga sanduku, taratibu, ameridhika, kwa kuwa bastola ni chuma na chuma anacho yeye. Vibao viko hapa mezani, juu ya leso, kando ya karatasi hii. Nimevikutanisha nikavishika. Kidole gumba changu ni kinene, hakiingii bondeni. Kidole cha mwisho kinapita kingo. Havinikai hata kidogo. Ndivyo inavyotakiwa. Nikivifumba kiganjani, kati ya mbao na ngozi yangu pana nafasi, na nafasi hiyo ni wewe.

Yeye ana bastola. Mimi nina mkono wako.

Usimwambie.

Mke mwenzako,
Damari